Ungekuwa Wewe Usingehuzunika?

Leo naomba tuanze na sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi kwenye korido za hospitali, na huenda hata wewe umewahi kuisema. Mgonjwa wa saratani yuko kitandani, uso ameugeuzia ukutani. Hali, halali, haongei. Ndugu mmoja anauliza kama hali hiyo nayo haina dawa. Mwenzake anamjibu: “Jamani, ungekuwa wewe usingehuzunika?” Basi, yameishia hapo. Muuguzi anatikisa kichwa kwa huruma, anakwenda kitanda kinachofuata.

Sentensi hiyo imejaa huruma, sikatai. Lakini ndiyo inayowanyima wagonjwa wetu matibabu kimyakimya. Mashine ya mionzi ikiharibika tunapiga kelele, magazeti yanaandika, mbunge anasimama bungeni. Mgonjwa akizama kwenye sonona, au unyogovu kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, tunasema ni haki yake.

Hebu tuipime hoja hiyo kwa hesabu. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Alex Mitchell wa Uingereza. Yeye na wenzake walikusanya tafiti nyingi ambamo wagonjwa wa saratani walihojiwa ana kwa ana. Walikuta kwamba sonona kamili, ile inayohitaji matibabu, humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya sita. Wasiwasi uliopita kiasi humpata mmoja kati ya kumi. Ukiwaongeza na wale waliotikisika moyo bila kufikia sonona kamili, unapata karibu wanne katika kila kumi.

Sasa wageukie wale watano waliobaki katika kila sita. Nao wana saratani. Nao wamenyonyoka nywele, wametapikia ndoo, wamesaini fomu ya upasuaji mikono ikitetemeka. Siku ya majibu walilia. Wiki mbili tatu hawakulala sawasawa. Kisha taratibu wakaanza tena kuuliza bei ya sukari, kugombana na wakwe, kucheka kichekesho cha jirani. Walihuzunika, naam, na bado wanahuzunika, lakini hawakuzama. Kama sonona ingekuwa sehemu ya saratani kama uvimbe ulivyo, wote sita wangekuwa nayo. Kwa hiyo yule mmoja aliyezama ana ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na ugonjwa huo wa pili mara nyingi unatibika hata pale ambapo wa kwanza umeshindikana.

Tafiti nyingi katika zile zilizokusanywa na akina Mitchell zilifanyika Ulaya na Marekani. Hapa kwetu mzigo una sura nyingine. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Mchukue mama anayetoka Kigoma kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar es Salaam, kwenye majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Ana saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mionzi yake ni kama wiki tano, siku tano kila wiki, na baada ya hapo kuna mionzi ya ndani. Muda wote huo analala sebuleni kwa binamu yake Mbagala, na kila alfajiri anagombania daladala huku tumbo likimuuma na mkojo ukimbana. Hata pale matibabu yanapotolewa bure, nauli si bure, wala chakula, wala yale macho ya mke wa binamu wiki ya tatu ikianza. Shamba nyumbani halijapaliliwa. Mume amepiga simu mara mbili tu. Huyo naye tunamwambia ni kawaida kuhuzunika, arudi Jumatatu kuendelea na mionzi.

Tatizo moja la kweli, ambalo madaktari wamelisumbukia kwa miaka mingi, ni kuutambua ugonjwa huu ndani ya ugonjwa mwingine. Dalili tunazofundishwa za sonona ni zipi? Kukosa hamu ya kula, kukonda, kukosa usingizi, kuchoka, kutoweza kutuliza fikra mahali pamoja. Mgonjwa wa kemo, ile tiba ya dawa za saratani, anazo zote, na pengine akili yake iko salama kabisa. Ni dawa tu zimemchosha. Mwaka 1983 madaktari wawili, Zigmond na Snaith, walitunga dodoso la maswali 14 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, na ujanja wao ulikuwa kuziacha nje dalili za mwili kadiri walivyoweza. Hawakuuliza juu ya uzito wala chakula. Waliuliza kama mtu bado anafurahia yale aliyokuwa akiyafurahia, kama anaweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo, kama anatazamia jambo lolote kwa hamu.

Naona hapo ndipo penyewe, na nitakueleza kwa nini. Mama yangu mkubwa aliugua saratani ya matiti. Alikuwa mwanamke wa kuku na redio. Kuku wake wa kienyeji aliwajua mmoja mmoja kwa tabia zao, na redio yake ndogo ya betri ilikuwa inaamka kabla yake; taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu, taarabu ya Ijumaa. Titi likaondolewa, kemo ikamalizika, kidonda kikakauka vizuri, na sisi wote tukamshukuru Mungu. Alikuwa anakula, kidogo kidogo lakini anakula. Uzito haukushuka. Kliniki wakaandika kwenye kadi yake kwamba maendeleo ni mazuri. Ila betri za redio zilikwisha, na hakuagiza nyingine. Ile redio ikakaa dirishani inashika vumbi. Kuku wakawa wanalishwa na mtoto wa jirani, na siku kicheche alipoingia bandani akaua majike matatu, mama mkubwa alisema tu, “Haya.” Mtu aliyekuwa anaweza kusimulia kifo cha kuku mmoja kwa nusu saa!

Ningemuuliza mtu yeyote pale nyumbani kama mama mkubwa ana sonona, angenijibu amechoka tu, saratani inachosha. Hakuna aliyeziona zile betri kama dalili. Zilikuwa dalili kubwa kuliko mizani ya kliniki.

Na yeye mwenyewe ukimsalimia asubuhi: “Shikamoo mama, umeamkaje?” “Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu.” Sisi ni watu wa salamu. Mtu anaweza kuwa msibani, mwili uko ndani, ukamuuliza habari akakujibu nzuri, kisha ndipo akakueleza kuwa amefiwa. Mgonjwa wetu amelelewa hivyo. Akifika mbele ya daktari mwenye foleni ya watu sitini, akaulizwa unaendeleaje, atajibu vizuri. Asingeonekana mstaarabu kama angejibu kwamba tangu Pasaka haoni sababu ya kuamka. Kwa hiyo anayetaka kujua lazima aulize swali la pili, na la tatu, akiwa amekaa, si amesimama mlangoni na faili la mgonjwa mwingine mkononi. Aulize: siku hizi unapenda kufanya nini? Usiku ukiamka unawaza nini? Kuna kitu unakisubiri kwa hamu?

Wasiwasi ni ndugu wa sonona, ila wana tabia tofauti. Sonona hukaa. Wasiwasi huja kwa ratiba, nao hupenda kalenda ya kliniki. Mtu aliyekatwa kipande cha nyama kwa ajili ya vipimo na kuambiwa majibu yako baada ya wiki mbili, hizo wiki mbili haziishi. Mtu aliyepona, anayerudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, anaanza kuumwa tumbo siku chache kabla ya tarehe. Kikohozi cha vumbi la barabarani anakihesabu kuwa saratani imeingia kwenye mapafu. Wapo wanaotapika kabla hata sindano haijachomwa; akiliona geti la hospitali tu, au akinusa spiriti, matumbo yanapinduka. Ndugu huwacheka na kusema anadeka. Hadeki. Mwili umejifunza kwamba harufu ile hufuatwa na mateso, nao unajiandaa mapema. Jambo hili linajulikana kitabibu, na lina namna zake za kulipunguza, ikiwemo kuzuia kichefuchefu vizuri tangu dozi ya kwanza kabla mwili haujajifunza.

Hapa niingize neno kuhusu dawa, maana kuna watu wanahesabiwa kuwa na wasiwasi kumbe ni vidonge. Deksamethazoni, ambayo hutolewa pamoja na kemo kuzuia kutapika na mzio, inaweza kumfanya mtu akeshe usiku kucha, ikamfanya awe mkali au achangamke kupita kiasi, kisha ikiisha akaporomoka. Metoklopramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, kwa baadhi ya watu huleta hali ya kutotulia: anasimama, anakaa, anatembea, miguu haitaki kunyamaza. Ukimwona utasema huyu ana hofu ya kifo. Mwambie daktari abadilishe dawa kwanza. Vivyo hivyo upungufu wa damu, tezi ya shingoni iliyodhoofishwa na mionzi, au kalsiamu iliyopanda kwenye damu, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane amekata tamaa. Wanaume wenye saratani ya tezi dume wanaopewa matibabu ya kushusha homoni za kiume nao huweza kubadilika hisia. Mzee anakuwa mwepesi wa machozi, hana hamu ya tendo la ndoa, na hakuna aliyemtayarisha. Anafikiri ameisha. Angeambiwa mapema kwamba ni dawa, nusu ya mzigo ungepungua.

Na maumivu. Mtu anayeumwa mfupa usiku kucha hawezi kupata nafuu ya moyo kwa ushauri nasaha. Mwanzo wa matibabu ya akili kwa mgonjwa huyo ni mofini. Waganda walilielewa hili mapema. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, mofini ya maji ikawa inachanganywa na kutolewa kwa wagonjwa majumbani, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika wao wenyewe bila kumngoja daktari. Kwa nchi ambako daktari yuko wilayani na mgonjwa yuko kijijini, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Huku kwetu bado nakutana na ndugu wanaoficha chupa ya mofini kabatini kwa hofu kwamba mgonjwa atazoea, ilhali mgonjwa analia. Atazoea nini, jamani, na amebakiwa na miezi?

Kuficha si kwa chupa tu. Tunaficha hata jina la ugonjwa. Mtoto mkubwa anamfuata daktari nje ya chumba: “Daktari, tafadhali, baba tusimwambie, atakufa kwa mawazo.” Baba huyo ametolewa Iringa, ameingizwa kwenye geti lenye kibao kinachosomeka kuwa hapa ni hospitali ya saratani, amekaa benchi moja na watu waliofungwa vitambaa kichwani, na bado tunaamini hajui. Anajua. Na kwa kuwa anajua kwamba hatutaki ajue, anatulinda. Anajifanya hajui. Sasa nyumba nzima inaigiza: watoto wanaigiza kuwa ni vidonda vya tumbo, baba anaigiza kuamini, mama anapika huku amebana machozi. Mgonjwa hana mtu hata mmoja wa kumuuliza lile analoliwaza: shamba la bondeni nimwandikie nani? Deni la ushirika nani atalilipa? Yule mtoto wa nje, atatambuliwa?

Mwaka 2019 Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi, alijitokeza na kusema wazi kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofikia hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo, mwezi ambao Kenya ilimpoteza pia Bob Collymore wa Safaricom na gavana wa Bomet, Joyce Laboso, wote kwa saratani. Nchi nzima ilizungumza, na mazungumzo yakawa juu ya hospitali, vifaa na bima. Ni sawa, yalihitajika. Lakini lile alilofanya Okoth, la mtu kuutaja ugonjwa wake kwa jina na kuzungumza juu ya siku zilizobaki, lilistahili kuzungumzwa kwa marefu na mapana.

Simaanishi kila mgonjwa amwagiwe kila kitu kama ndoo ya maji. Wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Aulizwe yeye: mzee, ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au nizungumze na mwanao? Swali hilo ni dogo, na mara nyingi haliulizwi kwa sababu tumeshaamua kwa niaba yake.

Kisha kuna wale wa kutia moyo. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. “Jipe moyo, ukiwa na mawazo mabaya ugonjwa unakua.” “Saratani inashindwa na mtu jasiri.” Au lile zito kuliko yote: “Ungekuwa na imani ungeshapona.” Mgonjwa anayeambiwa hivyo anabeba saratani, na hofu, na sasa hatia, kila akilia usiku anafikiri amejiongezea uvimbe.

Dhana hiyo kwamba hali ya moyo huamua mwenendo wa saratani ina historia hata kwa wanasayansi. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana kwenye vikundi vya mazungumzo kila wiki waliishi karibu mara mbili ya muda walioishi wasiokuwa na vikundi. Habari hiyo ilienea ulimwengu mzima. Mwaka 2001 timu ya Kanada iliyoongozwa na Pamela Goodwin ikafanya utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235, na vikundi havikurefusha maisha. Spiegel mwenyewe alirudia kazi yake, na mwaka 2007 akaripoti kwamba kwa jumla hakuiona tena ile tofauti. Kuna watu waliosikitika. Mimi nilifarijika. Maana yake ni kwamba machozi hayaui, na mgonjwa anaweza kulia bila kujihukumu. Na lisisahaulike hili: katika ule utafiti wa Kanada wanawake waliokuwa kwenye vikundi, hasa wale waliokuwa na dhiki zaidi mwanzoni, walipata nafuu ya moyo na hata maumivu yao yalikuwa nafuu. Hiyo peke yake yatosha kuwa sababu ya kuvianzisha.

Viongozi wa dini mnaonisikiliza, mgonjwa anawahitaji sana, kuliko anavyonihitaji mimi. Padri, shehe au mchungaji anayekwenda kukaa kitako na mgonjwa, akasikiliza, akasali, akarudi wiki ijayo, anafanya kazi ambayo hospitali haiwezi. Ombi langu ni dogo: msimwachie mtu deni la kupona.

Tuje kwenye tiba, kwa sababu nilisema inatibika na sitaki lipite kama maneno matamu ya redioni.

Uskoti walipima wagonjwa zaidi ya 20,000 wa kliniki za saratani. Miongoni mwa waliokutwa na sonona kamili, karibu robo tatu hawakuwa wakipata matibabu yoyote ya maana. Nchi tajiri hiyo, yenye huduma ya afya ya umma kwa kila raia! Kisha Michael Sharpe na wenzake wakachukua wagonjwa 500 wa namna hiyo. Nusu waliendelea na utaratibu wa kawaida. Daktari wao aliarifiwa, na hospitali pia. Nusu nyingine walipewa muuguzi wa saratani aliyefunzwa kutibu sonona, akisimamiwa na daktari wa akili, akikutana na mgonjwa mara kwa mara, akifuatilia dawa, akimsaidia kupanga siku yake na kutatua tatizo moja baada ya jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Baada ya wiki 24, dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 62 ya waliokuwa na muuguzi huyo. Katika kundi la utaratibu wa kawaida walikuwa asilimia 17.

Aliyeifanya kazi hiyo ni muuguzi. Madaktari wa akili tulionao hawatoshi hata kwa hospitali kubwa, na ukimwambia mgonjwa aende akamwone daktari wa akili atauliza kama sasa anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nairobi atauliza kama ni Mathari. Lakini muuguzi wa kemo anamjua. Anajua mshipa wake uko wapi na jina la mjukuu wake.

Hata muuguzi akikosekana, Zimbabwe wametuonyesha njia. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wa jirani, wahudumu wa afya wa kujitolea mjini Harare, wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati wamsikilize mtu na kumsaidia kutatua tatizo lake hatua kwa hatua. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini baadhi yao walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, na mzigo wa ugonjwa wa muda mrefu waliujua. Mpango huo umeshavuka mipaka hadi Zanzibar. Bibi wa kusikiliza hatujaishiwa.

Vidonge navyo vipo. Fluoksetini na amitriptilini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zina mambo ya kujua. Huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona tofauti, kwa hiyo anayeacha siku ya tano akisema hazifanyi kazi hajazipa nafasi. Amitriptilini hutolewa pia kwa kiwango kidogo kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Ukiandikiwa, muulize daktari ni kwa ajili ya kipi. Na kwa akina mama mnaomeza tamoksifeni baada ya saratani ya matiti, hili mlisikilize vizuri: fluoksetini, na mwenzake paroksetini, huzuia ini kuibadilisha tamoksifeni kuwa ile hali inayofanya kazi. Kwa hiyo daktari anayeandika dawa ya sonona lazima aijue dawa ya saratani unayotumia. Nenda na kadi yako na vidonge vyako vyote kwenye mfuko. Usiache chochote kwa uamuzi wako, wala usiazime kidonge cha usingizi cha jirani. Diazepamu ya kila usiku huanza kama msaada na baada ya wiki chache huwezi kulala bila hiyo.

Limebaki la kutaka kufa, nami sitalikwepa. Wapo wagonjwa wanaolifikiria. Wengine husema kwa mafumbo: nimewachosha, nikitangulia mtapumzika. Ukisikia hivyo usimkemee, na usikimbilie kumwambia asiseme maneno hayo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Kisha usimwache peke yake, ondoa karibu yake vidonge vya ziada na sumu za shambani, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Sheria zetu hazijatusaidia hapa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu anayeogopa polisi atamwambiaje muuguzi? Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho ni kinyume cha katiba. Wabunge wetu wanaweza kulitazama hilo bila kungoja kusukumwa na mahakama.

Nimalizie na jambo la mezani, la karatasi. Lifungue faili la mgonjwa wa saratani katika hospitali yoyote kubwa. Utakuta nafasi ya uzito, ya shinikizo la damu, ya wingi wa damu, ya idadi ya dozi. Kila safari ya kliniki namba hizo zinajazwa, na zikishuka mtu anashtuka. Hakuna mstari wa usingizi, wala wa furaha, wala wa hofu. Dodoso fupi la maswali tisa la kupima sonona lipo kwa Kiswahili na limekwisha kupimwa kwa watu wetu. Muuguzi analimaliza kwa dakika chache wakati mgonjwa anasubiri damu yake itoke maabara. Anayesimamia kliniki ya saratani na ananisikiliza jioni hii anaweza kulibandika kwenye faili Jumatatu, bila mfadhili na bila semina ya siku tatu hotelini.